Je, Ni Israfu Kutengeza Kompyuta Kuukuu?

Tumeletewa suala na mmoja katika wasomaji wetu wa Mombasa, nasi twaona lafaa kujibiwa mbele ya wote, kwa kuwa jambo lenyewe halimhusu yeye peke yake. Asema: chuo chao kimepawa kompyuta nane za mezani, kuukuu, zilizokuwa zikitumika katika ofisi moja kwa miaka mingi. Zawaka, lakini zenda kwa kujikokota. Mtoto hubonyeza, kisha hungoja hata akasahau alilobonyeza. Wazee wa chuo wamegawanyika. Baadhi yao wasema zitiwe vyombo vingine ndani ili ziendelee kufanya kazi. Na baadhi wasema kutia fedha katika kitu kilichokwisha ni kuzitupa, afadhali zikusanywe kidogo kidogo hata zitoshe kununua mpya. Fedha iliyopo ni shilingi 35,000, nayo yote ni michango ya watu. Auliza: katika rai hizi mbili, ni ipi iliyo israfu?

Sisi tulioko huku Eldoret tulikwisha kuipita njia hiyo mwaka 2024, mwaka ule ule mji huu ulipopawa hadhi ya jiji. Darasa letu lilikuwa na kompyuta sita za namna hiyo. Basi jawabu hili si la kitabuni tu. Ni la mtu aliyekwisha kulipa ada ya ujinga wake, kama atakavyoona msomaji huko mbele.

Watu wengi wadhani israfu ni kutoa fedha nyingi. Sivyo. Wanavyuoni wametenga baina ya maneno mawili yaliyo karibu: israfu, nayo ni kupita mpaka katika kutoa, hata kama jambo lenyewe lafaa; na tabdhiri, nayo ni kutia mali pasipo mahali pake. Kwa kipimo hiki mtu huweza kutoa elfu hamsini asiwe na lawama, na mwengine akatoa mia mbili akawa amezitupa. Tena fedha ya chuo ina jambo la zaidi, kwamba si mali ya wazee wa kamati. Mama aliyetoa shilingi mia katika faida ya maandazi yake hakuitoa ili mzee fulani aijaribie bahati. Kwa hivyo kabla ya kuuliza mpya au kuukuu, yapasa kuulizwa: je, huyo atakayeitoa fedha hii ajua aitoa kwa ajili ya ugonjwa gani?

Tuifungue basi kompyuta yenyewe, maana asiyejua ugonjwa hawezi kusema kuwa dawa ni ghali. Lile sanduku zima watu huliita sipiyu, na hilo ni kosa lililozoeleka. Sipiyu khasa ni kile kibao kidogo, kiasi cha kisanduku cha kiberiti, kilicholala chini ya feni, nacho ndicho kifanyacho hesabu zote. Na ajabu ni kwamba hicho kinachosingiziwa aghalabu ni kizima. Kompyuta za ofisi zilizoundwa baina ya 2011 na 2014, kama zile Dell OptiPlex na HP Compaq ziletwazo kwetu kwa jina la ex-UK, zina sipiyu iwezayo hata leo kuandika barua, kufanya hesabu, kusomesha na kufungua kurasa za mtandao. Kinachozichelewesha ni vitu viwili vilivyo pembeni yake.

Cha kwanza ni diski. Diski ya zamani ni sahani izungukayo, nyingi mara 7,200 kwa dakika, na juu yake pana mkono mdogo uendao huku na huku kutafuta kilichoandikwa. Kila safari ya mkono ule huchukua kama sehemu moja katika mia ya sekunde. Msomaji atasema hiyo si kitu. Lakini kompyuta inapoamka huufanyisha mkono ule safari maelfu kwa maelfu, na hapo ndipo zipoteapo zile dakika nne na tano. Diski ya namna ya pili, iitwayo SSD, haina sahani wala mkono, haina kitu chochote kiendacho, nayo huleta kinachotafutwa upesi kuliko ile ya kwanza kwa kiasi cha mara mia. Cha pili ni kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi waiita RAM. Mfano wake ni meza ya karani, na diski ni kabati lake. Meza ikiwa ndogo, karani hawezi kuzitandaza karatasi zake, hana budi kuinuka kila mara kwenda kabatini. Kompyuta yenye gigabaiti 2 za RAM leo ni karani mwenye meza ya kiganja na kabati lililoko ghorofa ya tatu. Mwongeze zifike 8, na umsogezee kabati, utaona kuwa karani hakuwa mvivu.

Sisi tulilipa shilingi 2,800 kwa kila SSD ya gigabaiti 256, na shilingi 1,000 kwa kila kipande cha RAM ya gigabaiti 4 kilichokwisha tumika, cha kuongeza juu ya zile 4 zilizokuwamo. Ni 3,800 kwa kompyuta moja. Bei hupanda na kushuka, asizichukue muulizaji kama ahadi. Lakini akizidisha kwa nane ataona kuwa zile 35,000 zake si haba.

Sasa nieleze kosa, na kosa lilikuwa langu. Kijana mmoja katika wanafunzi wetu, fundi wa mambo haya, aliniambia, "Sheikh, tuyafungue masanduku yote kwanza, tuone mna nini." Nami nikamjibu, "Mwanangu, yote ni ya namna moja, huoni hata rangi yake?" Nikenda mjini, nikanunua vipande sita vya RAM. Tulipoyafungua, masanduku manne yalivikubali na mawili yakavikataa. Hayo mawili yalikuwa ya kizazi cha nyuma, yenye kutumia RAM ya namna iitwayo DDR2, na mimi nilikuwa nimenunua DDR3. Pengo lililokatwa katika ukingo wa kipande haliko mahali pamoja, hata umeme wavitumiavyo si kiasi kimoja. Nikarudi dukani. Muuzaji akanitazama kwa heshima, akasema, "Sheikh, kitu ni kizima, na ulichotaka ndicho nilichokupa." Hakuvipokea.

Nilikasirika njia nzima. Lakini nilipotulia niliikumbuka milango ya kuuziana tuliyoisoma ujanani: mnunuzi ana khiyari ya kukirejesha kitu akiikuta ndani yake aibu iliyokuwapo kabla hajakipokea, naye hakuijua. Vipande vile havikuwa na aibu. Aibu ilikuwa kwangu mimi niliyenunua dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Nikazilipa zile elfu mbili katika mfuko wangu, kwani si insafu mama wa maandazi alipe ukaidi wa sheikh.

Hapo ndipo nilipoujua mpaka. Kompyuta za DDR2, zile zenye sipiyu za Core 2 Duo, zilizouzwa sana kabla ya 2010, zimefika mwisho wa safari kwa kazi ya darasa. Kutia fedha mle ni tabdhiri, hata kama ni kidogo. Za baada yake zastahili diski na RAM, na hapo mtu asimame. Asishawishike kubadilisha sipiyu, wala kutia kadi ya michezo ya picha, kwani masanduku membamba ya ofisi yana chombo kidogo cha kugawa umeme, na chombo hicho aghalabu kina umbo lake chenyewe, hakibadiliki kwa kingine cha dukani. Mwenye kuvuka hapo atamaliza kwa kununua kompyuta nzima kipande kwa kipande, tena kwa bei kubwa kuliko iliyo nzima.

Kisha yako mambo yasiyotaka fedha ila mkono. Huku kwetu adui ni vumbi, hujaa katika feni hata kompyuta ikapata moto na kujipunguzia mwendo. Huko pwani adui ni chumvi ya hewa: hula midomo ya vipande vya RAM, na kompyuta ikakataa kuwaka, mtu akasema imekufa. Kitoe kipande, kisugue midomo yake polepole kwa raba ya mwanafunzi, ukirudishe. Nyingi hufufuka hapo hapo. Na ile betri ndogo kama sarafu iliyo ndani ndiyo itunzayo saa. Ikiisha, kompyuta huisahau tarehe, na kurasa nyingi za mtandao hukataa kufunguka kwa kuwa tarehe si ya kweli. Nimeona kompyuta ikiuzwa kwa bei ya chuma kwa ajili ya betri hiyo.

Huenda mtu akasema: yote haya ni kuchelewesha tu, mpya ni mpya. Twamjibu kuwa fedha iliyotajwa, kwa bei za leo, kwa shida itampatia mpya moja pamoja na kioo chake, na watoto ni wengi. Ama kungoja, kungoja nako kuna gharama, ila haiandikwi katika daftari la mweka hazina. Mtoto aliye gredi ya tisa mwaka huu hawezi kuambiwa angoje hata kamati itosheke. Atakwenda mtaani kulipa kwa dakika, au hatakwenda kabisa. Na tuseme kweli, baadhi ya watakao mpya hawataki kompyuta. Wataka siku ya ufunguzi, na picha, na jina katika kibao cha mlangoni. Fakhari ikivaa kanzu ya maendeleo, ni vigumu kuivua.

Lakini wako na wa upande wa pili, nao wasisalimike na maneno yetu. Ni wale wasemao, "Waache wazitumie vivyo hivyo, sisi tulisoma kwa kibao na mkaa." Huu ni ubahili uliojificha nyuma ya zuhudi. Mtoto akipoteza dakika kumi katika kila saa moja kungoja diski izunguke, hizo ni dakika za umri wake, na umri wa mtoto si mali ya kamati kuuwekea akiba.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji wengi hulinyamazia. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuipa Windows 10 marekebisho yake ya kawaida ya ulinzi, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa kuongezewa muda. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, yataka chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na sipiyu ambazo, kwa zile za Intel, kwa jumla ni za kizazi cha nane na kuendelea. Maana yake ni kuwa kompyuta tulizokuwa tukizisifu hapo juu, kwa kanuni ya wenyewe, haziingii. Makompyuta mengi yaliyo mazima yametupwa huko Ulaya kwa sababu hii, na mengine ndiyo haya tunayouziwa sisi kwa bei rahisi. Muuzaji huiwasha mbele yako, huimba na kung'ara, naye asema, "Yafanya kazi." Na ni kweli yafanya kazi. Mfano wake ni nyumba ambayo fundi wa kufuli amekwisha kutangaza kuwa hatakuja tena: mlango wafunga leo, lakini wezi wakigundua njia ya kuufungua hapana atakayeirekebisha.

Je, hiyo ni aibu ambayo muuzaji yampasa kuitaja? Nimeulizwa hili na wafanyabiashara wawili, na rai yangu ni kuwa ni aibu. Katika fikihi aibu hupimwa kwa kupungukiwa na thamani, au kwa kukosekana kile ambacho mnunuzi alikikusudia kwa ada ya watu. Na hapana anunuaye kompyuta leo ambaye hatarajii kupitisha ndani yake nambari za siri, karatasi za kitambulisho na fedha. Muuzaji na aseme wazi, "Hii haipati tena marekebisho." Akipenda, na apunguze bei. Mnunuzi akiridhia baada ya hapo, ameridhia kwa ilimu.

Ama dawa ya jambo hilo ipo, nayo ni ya bure na ya halali. Iko mifumo endeshi ambayo wenyewe wameruhusu kila mtu aichukue na kuitumia pasi na malipo, kama Linux Mint na Ubuntu, nayo hupokea marekebisho hata katika kompyuta za miaka hiyo. (Jina hili Ubuntu lisiwe geni kwa msomaji, ni ndugu wa neno letu utu, na aliyeuanzisha mfumo huo mwaka 2004 ni mtu wa Afrika ya Kusini, Mark Shuttleworth.) Humo mna programu za kuandikia na za hesabu zifanyazo kazi nyingi za zile za kununuliwa. Si zote, mwenye programu ya dukani iliyoandikiwa Windows peke yake asikurupuke, aulize kwanza. Lakini kwa chuo cha watoto yatosha.

Nasema hivi kwa sababu desturi iliyoenea ni kutia Windows ya wizi. Fundi huja na kifaa chake mfukoni, hulipwa mia tano, na kazi imekwisha. Mtu akikatazwa husema, "Tajiri wa Marekani hatapungukiwa na kitu." Haki ya mtu haianguki kwa kuwa yeye ni tajiri, lau ingekuwa hivyo, masikini wote wangekuwa na ruhusa katika maduka ya mji mzima. Wala dharura haipo, maana dharura ni pale pasipo njia nyingine, na njia tumekwisha kuionyesha. Tena nakala nyingi za namna hiyo hujificha ndani yake programu za kupeleleza, na mwenye kuiba kufuli asistaajabu kukuta mtu mwengine ana ufunguo wake.

Jambo la mwisho nimeliogopa kuliko yote. Katika mojawapo ya kompyuta zetu sita tulikuta karatasi za waliokuwa wakiitumia: barua za kuomba kazi, nakala za vitambulisho, na cheti cha ugonjwa cha mtu ambaye hatumjui. Waliotoa zawadi ile walidhani wamefuta. Kufuta kwa kawaida huondoa jina katika fahirisi tu, na karatasi yenyewe hubaki katika sahani hata iandikwe nyingine juu yake. Watoto walikuwa karibu kuyasoma mambo hayo. Kijana wetu alizima kompyuta papo hapo, kisha akaiandika diski nzima upya tangu mwanzo hata mwisho, kazi iliyochukua saa nyingi. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu mwaka 2019, lakini hata isingekuwapo, siri ya mtu ni amana kwa kila aliyeiokota. Kwa hivyo muulizaji asikabidhi kompyuta hizo kwa watoto kabla ya kuziondoa diski za kale, na hizo za kale asizitupe wala kuziuza kabla hazijaandikwa juu yake.

Na hapa twawageukia wenye kutoa. Mtu atoapo kompyuta isiyowaka, au yenye kuwaka lakini haifai kazi yoyote, kisha akaandikiwa barua ya shukrani, ajiulize ametoa au ameondoa takataka nyumbani kwake. Mwaka 2022 ulimwengu ulitoa takataka za umeme zipatazo tani milioni 62, na zilizojulikana kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo hazikufika robo yake. Zilizobaki huenda majaani, na vijana huzichoma nyaya ili wapate shaba, na moshi ule huingia katika vifua vyao. Tangu tarehe 1 Januari 2025 mkataba wa Basel hautaki takataka hizo zipelekwe katika nchi nyingine illa nchi hiyo iarifiwe kwanza na iridhie. Mkataba waweza kuuzuia bandarini mzigo ulioandikwa kuwa takataka. Hauwezi kuuzuia mzigo ulioandikwa kuwa sadaka.

Basi ndugu yetu muulizaji na azifungue zote nane kabla ya kutoa hata shilingi moja. Azitenge zifaazo na zisizofaa. Aanze na mbili peke yake, azitie diski na RAM na mfumo wa halali, watoto wazitumie mwezi mzima. Ndipo anunue za zilizosalia. Zisizofaa zitoe feni, nyaya na vibao vya funguo kuwa akiba, na magamba yake yasitupwe jaani; Nairobi pana WEEE Centre, kituo kilichotokana na jamii ya Computers for Schools Kenya iliyoanza kazi mwaka 2002, nacho hupokea vitu hivyo.

Zile zetu mbili za DDR2, moja imetoa vipuri, na ya pili iko mezani bila kifuniko; mwanafunzi mpya huanza kwa kuifungua na kuifunga, na mimi huketi pamoja nao. Na muulizaji akitaka, atuandikie majina na nambari zilizobandikwa nyuma ya masanduku yake, moja moja, na kijana wetu atamweleza kila moja yataka RAM ya namna gani, kabla hajatia mkono mfukoni.